Dakika 30 za nani? Maoni yangu kuhusu kuchelewesha arifa za mtandao

Naandika kutoka Malindi. Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo narudi na mada ambayo wengi wenu mtaiona ndogo: ule mpangilio wa kuchelewesha arifa kwenye programu zinazoangalia mitandao. Ni mstari mmoja tu ndani ya faili. Unaandika nambari, unahifadhi, unaenda kulala. Mimi niliandika 30, na nambari hiyo ikawagharimu watu ambao hawajawahi hata kuliona hilo faili.

Kwa wale wasioijua kazi hii, nianze na maelezo kidogo. Mtu mwenye seva, ruta, swichi na kamera hawezi kukesha akivitazama. Kwa hiyo kuna programu zinazofanya kazi ya mlinzi wa usiku: kila baada ya dakika kadhaa zinakiuliza kila kifaa "upo?", na kisipojibu zinakutumia barua pepe au meseji. Maarufu kati yake ni Nagios, ambayo Ethan Galstad aliianzisha mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Icinga, iliyochipuka kutoka Nagios mwaka 2009. Na Zabbix, ambayo asili yake ni Latvia. Wengine siku hizi wanatumia Prometheus. Zote ni programu huria, unazipakua bila kulipa.

Na zote zinakuruhusu kumwambia huyo mlinzi: ukiona tatizo usiniamshe papo hapo, subiri kidogo, huenda likaisha lenyewe. Nagios inauita mpangilio huo first_notification_delay. Kwenye Icinga 2 unaandika begin ndani ya times. Zabbix inakwenda kwa hatua, kwa hiyo unaiacha hatua ya kwanza tupu na ujumbe unatoka hatua ya pili. Majina ni tofauti lakini kazi ni ile ile.

Sasa, kwa nini mtu atake kuchelewa kupata habari mbaya? Nitawaeleza yaliyonipata.

Kazi yangu kubwa ni kuandika programu, lakini pia naangalia mitandao ya wateja wachache kati ya hapa na Kilifi: nyumba ya wageni, ofisi moja ya ushirika, na chumba cha baridi cha kikundi cha wavuvi. Programu ninayotumia ni Icinga 2, nayo iko kwenye seva ya kukodi huko ng'ambo. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Betri za akiba zilipokwisha nguvu mojamoja, simu yangu ikaanza. Kwanza ruta. Halafu swichi iliyo nyuma ya ruta. Halafu kamera zilizo nyuma ya swichi, printa, na kila kitu chenye anwani. Na kila kimoja kikarudia kulia baada ya nusu saa, maana ndivyo Icinga 2 inavyofanya usipoiambia vingine. Kufikia asubuhi nilikuwa na meseji zaidi ya mia mbili, zote zikinieleza jambo ambalo kila mtu kutoka Vanga hadi Lamu alikuwa akiliona kwa macho yake mwenyewe: hakuna stima.

Nilifanya ambalo kila mtu hufanya. Nilizima sauti ya simu. Na Jumapili nikafungua faili la mipangilio, nikaandika dakika 30 kwa kila kifaa na kila mteja. Nilijiona mwenye busara. Wahenga si walisema haraka haraka haina baraka?

Kwa miezi kadhaa nililala vizuri. Wateja hawakulalamika. Nikawa hata nawashauri wenzangu waige.

Ikaja kaskazi, na bahari ikatulia. Januari 2024 wavuvi wa kile kikundi walipata jodari wengi kwa siku mbili mfululizo, wakawajaza kwenye chumba cha baridi wakimngoja mnunuzi wa asubuhi. Usiku huo, saa nne, stima ikakatika. Ikarudi baada ya dakika 20, lakini ilirudi kwa kishindo, na breka ya kompresa ikaruka. Taa zikawaka, ruta ikawaka, kipima joto kikawaka. Kompresa ikabaki kimya.

Hesabuni pamoja nami. Dakika 20 za giza ni chini ya 30, kwa hiyo sikupata habari yoyote. Programu iliona stima ikiondoka na ikiiona inarudi, ikanyamaza kama nilivyoiagiza. Joto la chumba likapanda polepole, likavuka kikomo nilichoweka kama saa sita na dakika 10. Kipimo hicho nilikuwa nimekipanga kikaguliwe kila dakika 15, na ukaguzi uliotangulia ulikuwa umepita punde tu. Kwa hiyo programu ililiona tatizo saa sita na dakika 25. Ikafuata ada yake ya kuhakikisha: inajaribu mara tatu kabla ya kuamini, na mimi nilikuwa nimeweka dakika 5 kati ya jaribio na jaribio. Ikafika saa sita na dakika 35. Hapo ndipo zile dakika 30 zangu zilipoanza kuhesabiwa. Meseji iliingia saa saba na dakika 5.

Yaani mimi niliyedhani nimechelewesha kwa dakika 30, nilikuwa nimechelewesha kwa dakika 55. Nikampigia mzee anayetunza chumba, simu yake imezimwa. Nikatafuta bodaboda. Tulipofika ilikuwa karibu saa nane usiku, na kompresa ilikuwa imelala tangu saa nne.

Nguru waliokuwa chini, wamezikwa kwenye barafu, walinusurika. Jodari waliokuwa juu hawakunusurika. Wanaoishi Pwani wanalijua hili, lakini kwa faida ya wengine: jodari akipata joto hutengeneza histamini, na sumu hiyo haiondoki hata ukimkaanga, ukimchemsha au ukimgandisha upya. Mnunuzi alikuja na kipima joto chake, akawachukua nguru, akawaacha jodari. Hata mama karanga waliokuwa wakisubiri nje hawakuuziwa, kwa sababu kuwauzia kungekuwa kuwahamishia hasara wao na wateja wao. Samaki wakafukiwa. Mashua nne zikapata pesa ya mafuta na kidogo juu yake.

Baada ya siku chache nilikwenda kuwaeleza. Nilimwamkia yule mzee, tukakaa barazani, nikaanza na ile hesabu yangu ya 15 na 10 na 30. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kwa hiyo mashine iliona mapema?"

"Iliona, mzee."

"Lakini ilikuwa imekatazwa kusema."

"Ndiyo."

"Na hizo dakika 30 ulimuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Sikumuuliza mtu. Nilipoandika 30 nilikuwa nalinda usingizi wangu, na nikawapa wavuvi nambari hiyo hiyo bila wao kujua kwamba kuna nambari. Ndiyo maana naandika makala hii.

Maoni yangu ni haya. Kuchelewesha arifa si kosa. Kosa ni kuchukua muda huo kutoka kwa mtu anayelala badala ya kuuchukua kutoka kwa kitu kinachoharibika. Najua wapo watakaosema basi futa ucheleweshaji wote, kengele ilie papo hapo. Hao hawajawahi kupata meseji mia mbili kwa usiku mmoja. Kengele inayolia kwa kila jambo hufunza mtu kutoisikia, na mlinzi asiyesikilizwa hana tofauti na mlinzi aliyelala. Kwa hiyo tusubiri, lakini kwa hesabu. Maana wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mfano mzuri kuliko wote haukutoka kwa sisi watu wa kompyuta. Uko kwenye friji za chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na ndani ya friji hukaa kifaa kidogo kinachorekodi joto kwa siku 30. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kengele ya kifaa hicho hailii mara tu joto linapopita nyuzi 8. Inasubiri joto likae juu ya hapo saa 10 mfululizo. Lakini baridi ikifika nusu nyuzi chini ya sifuri, inasubiri dakika 60 tu. Friji ni moja na chanjo ni zile zile, ila ucheleweshaji ni wa aina mbili, kwa sababu chanjo nyingi huvumilia joto kidogo kwa saa kadhaa, wakati kuna zinazoharibika zikiganda, na zikishaganda haziponi. Aliyeweka nambari hizo aliiuliza chanjo kwanza. Hakuanza na swali la nani atasumbuliwa usiku.

Sisi tunaotunza mitandao tunaweza kufanya vivyo hivyo. Swali ni moja: kitu hiki kinaweza kuvumilia muda gani kabla hasara haijaanza? Kutoka hapo unatoa muda wa mtu kufika. Kinachobaki ndicho kiasi unachoruhusiwa kuchelewesha, na wakati mwingine hakibaki kitu. Kutoka hapa hadi Kilifi ni kilomita kama 60, na kwenye ramani si mbali. Lakini Novemba 2023, mafuriko yalipoifunga barabara ya Mombasa hadi Malindi penye daraja la Mbogolo, mteja wa Kilifi angeweza kuniita mara mia na nisingefika. Kwa mteja wa namna hiyo arifa ya kwanza haifai kuja kwangu kabisa. Iende kwa mtu aliye karibu na swichi, hata kama hajui Icinga ni nini, bora ajue kusoma meseji na kuwasha breka.

Jambo la pili: jumlisha. Nambari ya kuchelewesha haisimami peke yake. Kuna muda kati ya ukaguzi na ukaguzi, kuna majaribio ya kuhakikisha, halafu ndipo unakuja ucheleweshaji wenyewe. Icinga 2 usipoigusa hukagua kila dakika 5, hujaribu mara tatu, na huweka dakika 1 kati ya majaribio. Hiyo tayari ni hadi dakika 7 kabla haijaamini kuwa kuna tatizo, na ile begin huanza kuhesabiwa baada ya kuamini. Ukiweka 15 juu yake unapata 22. Tena mwongozo wao unashauri kwamba ukitumia begin, muda wa kurudia arifa uwe mfupi kiasi, la sivyo unaweza kukaa sana kabla ya kuitwa tena. Chukua karatasi, andika hali mbaya kuliko zote, ujumlishe. Dakika mbili za hesabu zingeniokolea aibu barazani.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma zaidi nilipolitambua: dakika 30 zangu zisingenisaidia hata usiku ule wa Agosti. Stima ilikosekana kwa saa nyingi. Zingepita dakika 30, na meseji zile zile mia mbili zingeingia, zimechelewa tu. Nilikuwa nimemeza dawa ya ugonjwa mwingine. Ucheleweshaji unatibu matatizo mafupi yanayojiponya, kama ruta inayojizima na kuwaka. Mafuriko ya arifa hutibiwa kwa kuieleza programu nani yuko nyuma ya nani. Kwenye Nagios unaandika wazazi wa kila kifaa: swichi mzazi wake ruta, kamera mzazi wake swichi. Mzazi akianguka, programu inajua kwamba watoto hawajaharibika, hawafikiki tu, na unaweza kuiambia isipige kelele juu yao. Alertmanager ya Prometheus nayo husubiri sekunde 30 kwa kawaida, ikusanye arifa za kundi moja izitume pamoja. Sekunde 30, si dakika 30!

Mnakumbuka ile ya Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani? Programu isiyojua wazazi ingeorodhesha kila nyumba isiyo na taa kutoka Kisumu hadi Kilifi, na habari ya Gitaru ingekuwa mstari mmoja katikati ya maelfu. Kuchelewesha orodha hiyo kwa nusu saa kusingeifanya isomeke.

Nne, kuchelewesha kelele kusiwe kufuta kumbukumbu. Zile dakika 20 za giza hazikustahili kuniamsha, nakubali. Lakini zilistahili kuandikwa mahali, na zilistahili kuibadilisha programu iwe macho zaidi kwa saa inayofuata. Katika Pwani yetu kukatika kwa stima si habari. Habari ni stima kurudi na kitu kikakataa kurudi nayo. Siku hizi naangalia kompresa yenyewe kama inavuta umeme, sisubiri joto lije kuniambia. Na kila saa kumi na mbili asubuhi napata barua moja yenye matatizo yote yaliyojiponya usiku. Huwa fupi, na mara tatu sasa imenionyesha betri inayozeeka kabla haijafa.

Tano, kuna ucheleweshaji ambao hukuuandika wewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na kwingineko. Seva yangu iliyo ng'ambo ikaanza kudai wateja wangu wote wana matatizo. Kumbe walikuwa wazima, njia ndiyo iliyokuwa mbovu, na arifa zenyewe zilikuwa zikipita njia hiyo hiyo mbovu. Mlinzi anayekaa ng'ambo ya bahari ataona wimbi na kudhani nyumba imezama. Tangu hapo chumba cha baridi kina mlinzi wake wa hapa hapa: kompyuta ndogo yenye betri na modemu ya laini ya simu, inatuma SMS bila kupitia intaneti. Haikunigharimu pesa nyingi, ila ilinibidi nikubali kwamba seva ya ng'ambo haitoshi.

Basi tumeweka nini sasa? Nilirudi kwa yule mzee, safari hii na daftari, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu mwanzo. Alinijibu bila kufikiri: "Kompresa nikiisikia kimya dakika kumi, mimi huinuka." Hiyo ndiyo nambari. Hakuna kitabu ambacho kingenipa. Kwa hiyo kompresa inakaguliwa kila dakika 1, inajaribiwa mara tatu kwa dakika mojamoja, na ucheleweshaji ni dakika 5. Jumla, hali mbaya kuliko zote, ni dakika 8. Meseji inaanza kwa mzee mwenyewe na kwa mwanawe anayelala jirani. Ikipita robo saa bila mmoja wao kujibu, inakuja kwangu na kwa mwenyekiti. Intaneti ya nyumba ya wageni inasubiri dakika 15 mchana, na usiku wa manane inasubiri asubuhi, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyochagua. Kamera za ushirika wamezitaka dakika 3, kwa sababu zao. Printa haitamwamsha mtu tena maishani.

Mtagundua kwamba hakuna nambari hata moja hapo niliyoichagua mimi. Kazi yangu ilikuwa kueleza kwa Kiswahili cha kawaida kila nambari maana yake nini, kisha kunyamaza na kuandika walichosema. Chuoni nilifundishwa mengi kuhusu mitandao, lakini sikumbuki somo lililosema kwamba mpangilio ni ahadi, na kwamba ahadi huwa na watu wawili.

Kama wewe pia unatunza mtandao wa mtu, iwe ni duka la Mtwapa, shule ya Ganze au zahanati ya Marafa, nakuomba leo jioni ufungue lile faili. Tafuta nambari ya kuchelewesha. Jumlisha yote yanayoitangulia. Halafu mpigie simu mwenye mali, umwambie: tatizo likitokea usiku, utalijua baada ya dakika hizi. Akisema sawa, lala. Akinyamaza, usilale bado.

Mzee amenisamehe, au angalau ananiletea kahawa nikifika. Wavuvi wawili bado hunisalimia kwa kuniita "Dakika Thelathini". Nimelizoea. Tukijaliwa, wiki ijayo nitaandika jinsi ya kuunganisha modemu ya SMS na Icinga 2, hatua kwa hatua. Hadi hapo, kwaherini.